Wastani wa Majirani

Aliileta kwenye mfuko wa unga, imefungwa kwa leso,
picha moja, ukubwa wa kiganja,
harufu ya tope la Nzoia bado imo.
"Maji yalikaa nyumbani siku tisa," alisema Perpetua Namulanda.
"Hii iliteremka ukutani, ikaelea, ikanaswa na neti ya mbu."

Chumba changu hapa Kondele kina feni, skana,
kompyuta ya mkopo wa chama,
na cheti cha hisabati tekelezi
ambacho wateja hudhani ni leseni ya biashara.

Kwenye kioo mtu akawa jedwali:
safu mlalo mia sita, safu wima mia nne,
sifuri ni giza, mia mbili hamsini na tano ni jua la saa sita,
na kilichomo katikati ni ngozi, kola, ukuta wa udongo.
Kushoto mwa uso, shimo.
Si sifuri. Sifuri ni habari.

Aliuliza nitafanyaje, nikamweleza.
Kila nukta iliyopotea ina majirani wanne:
wa juu, wa chini, wa kushoto, wa kulia.
Tunajumlisha walichonacho, tunagawa kwa nne,
nukta inapewa.
Kisha tunarudi mwanzo. Tena. Mara elfu mbili,
mpaka hakuna anayebadilika.

"Kama matangani," alisema.
"Kila boma na debe lake, mpaka mfiwa ale."
Miaka minne ya chuo, hakuna aliyenipa mfano huo.

Shimo likaanza kufunga kutoka kingoni
kama jeraha, kijivu kikikishika kijivu mkono,
mpaka shavu likatokea, laini,
shavu lisilowahi kuona wembe wala jua.
Nikajivuna kidogo. Nikamgeuzia kioo.

Alitazama muda mrefu.
"Huyu ni nani?"

Egesa, nikasema. Ndugu yako.

"Egesa alikuwa na kovu. Mwaka wa njaa
tuligombania jembe, mimi nikaliachilia."
Akaonyesha bila kugusa.
"Umelifuta. Afadhali maji."

Usiku nikafungua daftari la mwaka wa tatu.
Limo, limepigiwa mstari kwa wino mwekundu,
nililikariri kwa ajili ya mtihani:
kilele hakizaliwi ndani;
cha juu kabisa na cha chini kabisa hukaa ukingoni.
Sikujua kuwa ni sentensi ya huzuni.
Majirani hawakupi wasichokuwa nacho,
hata wakitoa chote,
hata mara elfu mbili.

Alikuwa amelala kwa bintiye Nyalenda. Akarudi asubuhi.
Kipanya hakukitaka. Alitumia kidole,
akachora juu ya kioo kutoka sikioni kushuka,
na mimi nyuma yake nikapigilia nukta moja moja,
thamani mia na tisini, nikaziamuru zisitikisike.
"Hapo lilijikunja. Hapana, chini. Hapo."

Nukta kumi na saba.
Nikaendesha tena.
Na majirani walewale, kwa nne ileile,
wakajipanga upya kulizunguka kovu,
shavu likaingia kivuli,
pembe ya mdomo ikawa ya mtu anayekaribia kujibu.

Hakusema ni yeye. Alisema, "Bado jicho."

Nikasubiri kidole. Kikabaki hewani.
"La kushoto silikumbuki," alisema polepole.
Nilijua amri ya kuligeuza la kulia, mstari mmoja tu,
watu wengi hawangegundua.
Nikamuuliza.
"Acha," alisema. "Acha papo wazi."

Nikachapisha hivyo: shavu, kovu,
na mahali pa jicho, weupe wa karatasi.
Akalipa mia tatu, akadai risiti.
Kwenye mstari wa maelezo ya kazi nikaandika:
nukta kumi na saba, za mteja mwenyewe.